Hoho za kitalu nyumba, Kibaha: maua yanapukutika na matunda yanaoza kitako

MwanaKibaha, 11 Februari, saa 2:14 usiku

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina kitalu nyumba kidogo nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Kibaha, chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 12. Nilijengewa mwaka jana na fundi ambaye kazi hiyo aliizoea Arusha na Iringa. Nguzo ni za mirunda, paa ni la nailoni ya kitalu, na pande zote nne zimefunikwa kwa nailoni hiyo hiyo kuanzia chini, isipokuwa ukanda wa neti wa nusu mita unaozunguka juu karibu na paa. Kileleni kuna mita 2 na nusu tu.

Nilisia mbegu za California Wonder katikati ya Oktoba, na wiki ya kwanza ya Desemba nikahamisha miche 176 kwenye matuta manne, kila tuta mistari miwili, nusu mita kati ya mche na mche. Kwa wiki sita za mwanzo kila aliyeingia alinipongeza, kwa sababu majani yalikuwa mapana, ya kijani kilichokolea, na mashina yalikuwa manene kama kidole gumba. Balaa lilianza maua yalipotoka. Kila asubuhi nayakuta chini yameanguka pamoja na vikonyo vyake, na nikigusa tawi yanaanguka mengine. Jana niliyaokota katika tuta moja tu, nikahesabu 63. Matunda machache yaliyoshika nayo yana doa kitakoni: mwanzo linaonekana kama limelowa maji, kisha linageuka kahawia, linabonyea na kukauka kama ngozi ya kiatu.

Namwagilia kwa mipira ya matone kutoka kwenye tangi la lita 500, jioni, kila baada ya siku mbili, nikifungua hadi tangi liishe. Maji ni ya kisima kirefu na yana munyu kidogo, ingawa tunayatumia kufulia. Udongo ni huu wetu wa kichanga, niliochanganya na samadi ya ng'ombe. Nilipandia mbolea ya DAP, na tangu hapo kila mche unapata kijiko kimoja cha chai cha urea kila wiki mbili. Muuza pembejeo ameniuzia pia chupa mbili za busta ya kunyunyizia majani, moja akiniambia ni ya kushikisha maua, lakini sijaona tofauti yoyote. Naomba kujua kama tatizo ni mbolea, ugonjwa au mbegu, na kama ni heri ning'oe zote nianze upya.

BwanaShambaMstaafu, 12 Februari, saa 12:40 asubuhi

Dada wa Kibaha, pole kwa msukosuko huo. Nilikuwa ofisa ugani kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na sasa nalima hoho zangu chache hapa Morogoro, kwa hiyo uniwie radhi nikienda moja kwa moja. Unaeleza matatizo mawili tofauti, na la kwanza hakuna mbolea wala busta inayoweza kulitibu.

Hoho ni mmea wa joto la wastani. Mchana hupenda nyuzi 20 hadi 28 hivi, na usiku nyuzi 16 hadi 20. Joto la mchana likipita nyuzi 32 au 33, chavua huanza kupoteza nguvu, na usiku usipoteremka chini ya nyuzi 24, mmea hutumia usiku sehemu kubwa ya sukari uliyoitengeneza mchana, ua likakosa chakula, nao ukalitupa. Wakulima wengi hutazama joto la mchana peke yake kwa kuwa ndilo linalowatoa jasho, ilhali joto la usiku lina neno kubwa sana katika kuamua kama ua litakaa. Wewe ulihamisha miche Desemba, kwa hiyo maua yametoka Januari na Februari, ndani ya kaskazi, wakati ambao usiku wa Pwani mara nyingi hauteremki chini ya nyuzi 24 au 25 hata nje penye upepo. Mbegu yako haina kosa. California Wonder ni mbegu kongwe inayojulikana, na shina nene kama kidole gumba linathibitisha kwamba miche yako ilikuwa na afya.

Kabla sijasema zaidi, tafuta kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, kining'inize katikati ya kitalu kwenye kimo cha maua, ukikinga kisipigwe na jua moja kwa moja, kisha utuletee vipimo vya siku nne. Urea iache leo hii. Majani yako tayari yamenenepa kupita kiasi, na mche ulioshiba naitrojeni hukimbilia kuota majani ukasahau kuzaa.

HohoLimuru, 12 Februari, saa 3:05 asubuhi

Hamjambo nyote. Mimi niko Limuru, Kenya, na shida yangu ni kinyume cha ya dada. Huku mwezi wa Julai usiku ni wa baridi kali, na hoho zinazofunga wakati huo hutoka ndogo na bapa kama kifungo cha koti. Ukiipasua moja huoni mbegu, au unaona tatu au nne, kwa maana chavua haikufanya kazi kwenye baridi. Ndiyo sababu vitalu vyetu ni vifupi na vimefungwa, na ikifika saa kumi na moja jioni tunateremsha mapazia ya nailoni ili joto la mchana libaki ndani.

Nilipoyasoma maelezo ya dada nilikitambua kitalu chetu mara moja. Fundi wake hakufanya kazi mbovu hata kidogo; aliichukua nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya baridi akaisimamisha kwenye joto. Jamaa yangu mmoja alifanya vivyo hivyo Kilifi, akapata nyanya tatu na deni. Huko pwani paa la nailoni lina faida moja kubwa, nayo ni kuzuia mvua ya masika isiyalowanishe majani na kuleta magonjwa. Kuta hazina haja ya nailoni. Ziwe neti ya wadudu kuanzia chini hadi juu. Mkumbuke tu kwamba neti yenye matundu madogo ya kuzuia inzi weupe huzuia pia upepo, kwa hiyo eneo la neti lazima liwe kubwa zaidi kuliko unavyokadiria kwa macho. Ukanda wa nusu mita ni kama hakuna.

Neno lingine dogo. Hoho hujichavusha yenyewe, lakini shambani upepo ndio unaolitikisa ua. Ndani ya kitalu kilichofungwa hewa imesimama, na nyuki haingii. Mke wangu hupita kila siku mwendo wa saa nne asubuhi akigonga kwa fimbo waya zinazoshikilia kamba za mimea, kwa dakika tano tu. Kazi hiyo haishindi joto, lakini joto likishatulia inasaidia.

MwanaKibaha, 17 Februari, saa 1:30 usiku

Shikamoo Mzee, na asante sana ndugu wa Limuru. Vipimo nimevipata. Mchana kwa siku nne kipimajoto kilifika nyuzi 43, 44, 42 na 43. Usiku haukuteremka chini ya 26, isipokuwa siku moja uliofika 25. Siku ya tano nilimwita kijana tukang'oa nailoni ya pande mbili ndefu, tukaacha wazi kabisa, na mchana huo kipimajoto kikafika 36. Usiku haukubadilika.

Nilipokuwa nikizunguka na kipimajoto niligundua mambo mawili ambayo sikuyataja. Kwanza, katika tuta la pembeni mwa ukuta majani ya vilele yamekuwa membamba, yamejikunja kuelekea chini, na kwa chini yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya kahawia. Pili, miche mitatu imenyauka ikiwa bado ya kijani, ghafla, bila majani kugeuka njano.

BwanaShambaMstaafu, 17 Februari, saa 3:10 usiku

Marahaba, mwanangu. Kwa nyuzi 43 ningeshangaa kama hata ua moja lingebaki. Umefanya vyema kuitoa nailoni, na hizo nyuzi saba ulizozipunguza kwa mchana mmoja ni kubwa kuliko chochote kitakachotoka kwenye chupa. Ukiweza, tandaza neti ya kivuli ya asilimia 30 juu ya paa, kwa nje. Wengi huifunga kwa ndani kwa kuwa ni rahisi kuifikia, lakini neti ya ndani hulipokea jua likiwa limeshaingia, inapata moto na kuumwaga huo moto juu ya mimea.

Sasa nije kwenye kitako. Hilo si ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo usipige dawa ya ukungu. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na unaweza kutokea hata pale udongo unapokuwa na kalsiamu tele. Kalsiamu husafiri pamoja na maji yanayovutwa kutoka kwenye mizizi, na maji huenda zaidi kule kunakotoka jasho. Jani lina jasho jingi na tunda lina jasho dogo sana, kwa hiyo maji yanapopungua, majani huchukua yote na ncha ya tunda, iliyo mwisho wa safari, hubaki mikono mitupu. Kwa sababu hiyo hiyo kalsiamu unayoipulizia majani huishia majani. Haihami kutoka humo kwenda kwenye tunda. Urea nayo imechangia, kwa kuwa naitrojeni ya aina ya amonia hushindana na kalsiamu mlangoni pa mzizi. Hakikisha tu kwamba unalolitazama ni kitako kweli. Doa jeupe, jepesi kama karatasi, lililo ubavuni upande unaotazama jua, ni kuungua na jua, na tiba yake ni majani ya kutosha kulifunika tunda na hiyo neti ya kivuli.

Kesho kutwa, siku ambayo hukumwagilia, nenda saa nane mchana, chimba kando ya mche kwa kina cha kiganja kizima na uukamate udongo. Nina hakika utamwagika kati ya vidole kama sukari. Lita 500 kila baada ya siku mbili kwa miche 176 ni chini ya lita moja na nusu kwa mche kwa siku, na baya zaidi ni kwamba unazitoa zote kwa mkupuo mmoja kwenye mchanga ambao hauwezi kuzishika, hivyo sehemu kubwa inapita chini ya mizizi usiku ule ule. Mche mkubwa wa hoho katika joto lenu unahitaji lita 2 hivi kwa siku, yaani lita 350 kwa kitalu kizima, nazo uzigawe mara tatu: saa moja asubuhi, saa tano na saa tisa alasiri. Tandaza nyasi kavu au makapi ya mpunga juu ya tuta ili mchanga usichemke. Mbolea ya kukuzia sasa iwe kalsiamu naitreti kidogo kidogo kwenye maji ya matone, na potasiamu matunda yakishashika, lakini usiichanganye kalsiamu naitreti kwenye ndoo moja na mbolea yoyote ya salfeti au fosfeti. Utaona unga mweupe unatuama chini, na unga huo ndio utakaoziba matundu ya mipira yako yote.

Ile miche mitatu inanitia wasiwasi zaidi kuliko maua. Ikate shina karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi usitikise, na utazame kwa dakika tano hadi kumi.

PwaniMchangani, 18 Februari, saa 4:20 asubuhi

Asalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Unguja, na kwanza niwaombe radhi wenzangu wa bara kwa kuchelewa. Kwetu sisi pilipili hoho ni ile kali, na hii muizungumzayo twaiita pilipili boga, kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa naupita mjadala huu nikidhani ni wa watu wa achari.

Dada amesema maji yake yana munyu kidogo, na hakuna aliyemuuliza ni kidogo kiasi gani. Mimi kisima changu kilinila misimu miwili kwa hiyo hiyo "kidogo". Pilipili boga ni katika mboga zisizostahimili chumvi sana. Maji ya kumwagilia yakipita desisimensi 1 kwa mita, ambacho ndicho kipimo cha chumvi ya maji, mavuno huanza kupungua, na ulimi wa mtu aliyezoea maji ya kisima hauwezi kukitambua kiwango hicho. Mtu aliye shambani husaidiwa na mvua, ambayo huiosha chumvi na kuizamisha chini; wewe umejenga paa la kuizuia mvua hiyo, na kila lita unayoimwaga inaacha chumvi yake palepale. Tazama pembezoni mwa duara la unyevu chini ya kila tone. Ukiona utando mweupe kama chumvi ya kusuguliwa, hiyo ndiyo. Vipimajoto umeshapata, basi tafuta mtu mwenye kipimo cha chumvi ya maji, ambacho ni kidude cha kushika mkononi tu, upime kisima na upime pia maji uliyoyachuja kutoka kwenye udongo wa tuta.

Dawa yangu imekuwa maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika si ajabu, limekupa karibu lita 2,000 ukiacha zinazopotea. Mimi nachanganya nusu kwa nusu na ya kisima, na kila mwanzo wa msimu huyaosha matuta kwa maji ya mvua matupu hadi yapite chini.

Ama hayo majani membamba yaliyojikunja kuelekea chini na kung'aa upande wa chini, naona ni utitiri. Huwezi kuwaona kwa macho. Hata kwa lenzi ya kukuza mara 10 wataka subira. Vithiripi, wadudu wengine wadogo, hukunja jani kuelekea juu na kuliacha na mabaka ya fedha, hawa hulikunja kuelekea chini. Unga wa salfa wa kuchanganya na maji huwapunguza, lakini upige jioni, kwa sababu juu ya nyuzi 30 salfa huyachoma majani, na usiupige ndani ya wiki mbili za dawa yoyote yenye mafuta. Uliza duka lenye viuatilifu vilivyosajiliwa na usome siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Kung'oa mimi sikushauri. Mpilipili boga ni kichaka cha miaka, si mchicha. Ukate matawi yote mwezi wa Machi, ubakize mapande yenye vifundo viwili vitatu juu ya njia panda ya kwanza, pale shina linapogawanyika mara ya kwanza, utachipua upya na kutoa maua kusi inapoanza kuvuma. Mizizi ishajijenga, ya nini kuipoteza?

BwanaShambaMstaafu, 18 Februari, saa 7:00 mchana

Ndugu wa Unguja amenisahihisha kwa haki kuhusu chumvi. Nililisoma neno munyu nikalipita. Kuhusu kukata na kuchipuza, hapo tutatofautiana. Ningekubaliana naye kama mimea ingekuwa mizima. Utitiri hujificha hasa kwenye vichipukizi vichanga, na ukiukata mche wenye utitiri unawaandalia karamu ya vichipukizi vitupu. Kama katika ile miche mitatu kuna mnyauko wa bakteria, kisu kile kile cha kukatia kitaupeleka mstari mzima. Mimi ningeng'oa, ningeacha matuta yapumzike, na ningesia mbegu mpya katikati ya Machi. Miche hukaa kwenye kitalu cha mbegu wiki sita hadi saba, hivyo inahamishwa mwanzoni mwa Mei na kuchanua Juni. Julai usiku wa Pwani huteremka hadi nyuzi 18 au 19, na hoho haina hitaji la joto ambalo miezi hiyo haitalitimiza.

MwanaKibaha, 22 Februari, saa 2:45 usiku

Nimefanya yote mliyoniagiza, na baadhi yameniumiza. Udongo wa saa nane mchana ulimwagika kati ya vidole kama Mzee alivyosema. Maji ya kisima yamepimwa yakatoa 1.6. Utando mweupe upo, na nilikuwa nikidhani ni mabaki ya DAP.

Kuhusu vipande vya shina, viwili vilikaa kwenye glasi na maji yakabaki safi. Cha tatu, baada ya kama dakika nne, kilianza kuteremsha nyuzi nyeupe nyembamba, kama moshi wa udi unaoshuka badala ya kupanda, na baada ya robo saa maji yote yalikuwa na ukungu wa maziwa. Mche huo ulikuwa mwisho wa tuta la nne, lile lile lenye majani yaliyojikunja.

Kwa hiyo nimekata shauri la kuwasikiliza wote wawili. Tuta la kwanza, lililo mbali zaidi na yote hayo na ambalo vilele vyake ni vizima, nitalikata na kulichipuza kama alivyosema ndugu wa Unguja, nikikisafisha kisu kwa spiriti kila mche. Matuta mengine matatu nang'oa. Je, tuta la nne naweza kupanda hoho tena?

BwanaShambaMstaafu, 22 Februari, saa 3:20 usiku

Usipande hoho humo, wala nyanya, nyanya chungu, bilinganya au viazi mviringo, kwa kuwa zile nyuzi nyeupe kwenye glasi ni bakteria wa mnyauko, naye anazila zote na hukaa udongoni muda mrefu. Ung'oe mche ule na iliyouzunguka pamoja na udongo wake, uichome moto, usiitupe kwenye mboji. Panda mahindi machanga au vitunguu vya majani humo, na uhakikishe maji ya tuta hilo hayatiririki kwenda kwa jirani zake. Kwa matuta mawili yaliyobaki, weka bakuli la chokaa mlangoni la kukanyaga kwa viatu. Miche yako 88 ya safari hii itatosha kukufunza. Kitalu kizima utakijaza mwakani.

MwanaKibaha, 21 Julai, saa 1:05 usiku

Nimerudi na taarifa, kwa kuwa nachukizwa na watu wanaouliza maswali wakasaidiwa kisha wakapotea.

Kuta zote sasa ni neti. Nailoni iliyotoka nimefunikia rundo la mboji. Neti ya kivuli ilikaa juu ya paa Machi hadi mwisho wa Mei, nikaitoa kipupwe kilipoingia kwa sababu mawingu yalikuwa mengi na miche ilianza kurefuka. Wiki hii kipimajoto kimesoma nyuzi 31 mchana na 19 usiku. Mafundi wamenifungia mfereji wa bati la nyumba, na masika ilinijazia matangi mawili ya lita 5,000, ambayo nayatumia nusu kwa nusu na kisima. Namwagilia mara tatu kwa siku. Kijana wa jirani hunifungulia bomba la saa tano nikiwa kazini, na malipo yake ni hoho.

Tuta la kwanza, lililokatwa, lilikuwa na miche 44. Iliyochipua vizuri ni 37, nayo ilianza kuzaa wiki tatu kabla ya ile mipya, ila matunda yake ni madogo kidogo na baadhi yamepinda. Matuta mawili ya miche mipya yamechanua kwa pamoja kiasi kwamba nilisita kuingia. Asubuhi ya leo niliokota maua yaliyoanguka kwenye tuta la pili, kama nilivyofanya Februari, yakawa 7. Kitako nimekiona kwenye matunda manne tu, yote ya wiki ambayo pampu iliharibika.

Swali langu la mwisho ni hili: sokoni nyekundu inanunuliwa kwa bei nzuri kuliko kijani, na natamani kuyaacha matunda yaive mpaka yawe mekundu. Nifanye hivyo kwa yote?

BwanaShambaMstaafu, 21 Julai, saa 2:50 usiku

Umenifurahisha sana, mwanangu, hasa kwa zile hesabu za maua.

Usiyaache yote. Kutoka kijani kilichokomaa hadi nyekundu ni wiki tatu hivi, wakati mwingine zaidi siku zikiwa za baridi, na katika muda wote huo tunda linakaa mtini likila, huku mche ukikataa kufunga maua mapya. Matunda ya mzao wa kwanza yachume yangali ya kijani, yakishakuwa magumu na kung'aa, ili mche uendelee kupanda na kuchanua wakati usiku bado ni wa nyuzi 19. Yale yanayofunga sasa hivi, mwishoni mwa Julai na Agosti, ndiyo uyaache yaive, kwa sababu kuanzia Novemba joto litarudi na maua yatakayotoka hayatakuwa na faida tena. Mche utakuwa hauna cha kupoteza kwa kubeba matunda mekundu. Kama kuna tunda lililokaa kwenye njia panda ya kwanza kabisa ya shina, hilo litoe leo hata likiwa dogo. Linabanwa na matawi na kutoka limepinda, nalo linauchelewesha mche mzima.

Unapochuma tumia mkasi, ukate juu ya kikonyo, usinyofoe kwa mkono. Tawi la hoho huvunjika upesi kuliko unavyodhani, na kila tawi linalovunjika wakati huu limekwenda na matunda yake ya Septemba.

PwaniMchangani, 21 Julai, saa 3:15 usiku

Maashallah. Miche 37 kati ya 44, nami Mzee tutaendelea kubishana. Ile iliyopinda usiipeleke sokoni, dada. Ikatekate uiweke kwenye achari, hapo hakuna atakayeuliza umbo lake.